Aunsi ya Pamba na Aunsi ya Dhahabu

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Shinyanga na Geita. Msomaji ni Afisa Elimu. Walimu wa madarasa wawe na ubao, chaki, na rula yenye inchi kama ipo.

Natumaini kila mtu amekwisha kaa, na daftari lake liko mbele yake. Aliyesahau miwani nyumbani asisikitike. Leo hatutasoma mengi. Tutasikiliza zaidi, na tutapiga hesabu moja tu.

Naanza kwa kitendawili. Kitendawili! (Darasa liitike: Tega.) Aunsi moja ya pamba na aunsi moja ya dhahabu, ipi nzito?

(Hapa mwalimu wa darasa awape nafasi wanafunzi wajibu.)

Naam. Nadhani najua mmejibu nini. Mmoja amesema dhahabu, kwa sababu dhahabu ni kitu kizito. Kisha mwenzake mwerevu amemcheka akasema, "Wewe, aunsi ni aunsi, zote zalingana." Na wengi wamekubaliana na huyo mwerevu.

Huyo mwerevu amekosa. Aunsi ya dhahabu ni nzito kuliko aunsi ya pamba, wala sifanyi mzaha. Ukitia pamba katika mizani ukasema hii ni aunsi moja, uzito wake ni gramu 28 na sehemu ndogo juu yake. Ukitia dhahabu ukasema hii ni aunsi moja, uzito wake ni gramu 31 na sehemu ndogo juu yake. Jina moja, mizigo miwili.

Jibu hili sikulijua nilipokuwa shuleni. Nililijua kwa aibu, tena mbele ya watu, nami nitawaeleza ilivyokuwa.

Nilikuwa nimetembelea darasa moja la jioni katika kijiji kilicho upande wa Geita. Wanafunzi wa darasa lile wengi ni watu wa machimbo. Wako wanaume waingiao katika maduara, na wako akina mama wanaofanya kazi mwaloni, kuosha mchanga na marudio. Siku ile tulikuwa twajifunza kugawanya. Mama mmoja, mtu mzima wa kunizaa mimi, akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, redioni nasikia bei ya dhahabu yatajwa kwa aunsi. Lakini sokoni sisi twauza kwa gramu. Aunsi moja ni gramu ngapi, nami nigawanye mwenyewe?"

Swali zuri kuliko hilo sijapata kuulizwa. Nami nikalijibu upesi, kama mtu anayejua. Nikasema, "Mama, aunsi moja ni gramu 28.35." Nikaiandika ubaoni, hata ile nukta 35 sikuiacha. Darasa zima likaandika daftarini.

Mama yule alikuwa amekusanya gramu 4 kwa kazi ya majuma mengi. Akagawanya vizuri kabisa, akapata bei ya gramu moja, akaenda sokoni. Mnunuzi akamtajia bei iliyo chini ya ile aliyoandika. Mama akafungua daftari, akamwonyesha hesabu. Mnunuzi akasema hesabu hiyo si kweli. Mama akasema, "Nimefundishwa na Afisa Elimu." Watu waliokuwa pale wakacheka, wakasema, "Tazameni ngumbaru anataka kutufundisha dhahabu!" Mama akaondoka na dhahabu yake. Akaenda kwa mnunuzi wa pili, kwa bei ile ile. Akaenda kwa wa tatu, vile vile. Akarudi nyumbani jioni na gramu zake 4, nauli imekwisha, na sare ya shule ya mjukuu haijanunuliwa. Aliuza siku ya tatu, kwa mnunuzi yule yule wa kwanza, na bei ilikuwa imeshuka kidogo.

Niliporudi darasani mwezi uliofuata, nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Hesabu yako imenichekesha sokoni." Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali, ningeona nafuu.

Nilidhani kwanza kwamba wanunuzi wale walikuwa wamepatana kumwibia. Nikaenda kuulizauliza, nikatafuta vitabu, na mwisho nikaona kwamba safari ile wanunuzi walikuwa na haki, na mkosaji nilikuwa mimi. Gramu 28.35 ni aunsi ya unga, ya sukari na ya pamba. Dhahabu ina aunsi yake. Ndipo nikajiuliza: kwa nini jina moja lipewe vitu viwili visivyolingana? Nikaona sitapata jibu mpaka nilifuate jina lenyewe lilikotoka.

Ninyi mliokulia Usukumani mwajua namna ya kumtafuta ng'ombe aliyepotea. Huketi nyumbani ukakisia. Wafuata nyayo. Ukifika kijiji cha kwanza wauliza, "Amepita hapa ng'ombe wa rangi hii, mwenye alama hii sikioni?" Wakikwambia amepita, waendelea hadi kijiji cha pili. Na ukikuta ng'ombe anayefanana na wako, hushiki kamba ukamvuta. Watazama kwanza alama ya sikio. Neno hutafutwa vivyo hivyo. Haitoshi neno kufanana na neno. Yapasa ujue lilipita wapi.

Nasema hivi kwa sababu kijana mmoja katika darasa lile lile alikuwa na jibu lake tayari. Alikuwa ameona karatasi ya maabara, mawe yalipopimwa, na juu yake pameandikwa herufi mbili: A kubwa na u ndogo. Akasema, "Mwalimu, hiyo Au ndiyo dhahabu. Basi aunsi imetoka hapo: Au, aunsi."

Kijana huyu ana akili, nami nampenda mtu anayetazama herufi. Ni kweli kwamba Au ni alama ya dhahabu duniani kote. Yatokana na neno la Kilatini aurum, maana yake dhahabu. Kilatini ilikuwa lugha ya Warumi, watu wa mji wa Roma, waliotawala nchi nyingi za kandokando ya bahari ya Mediterania miaka 2,000 iliyopita. Dola yao ilipovunjika, lugha yao haikupotea. Wenye elimu na makasisi wa Ulaya waliendelea kuiandika kwa karne nyingi. Ndiyo maana alama nyingi za madini ni za Kilatini. Fedha ni Ag, kutokana na argentum. Chuma ni Fe, kutokana na ferrum.

Lakini aunsi si mtoto wa aurum. Sisi twaiandika kwa a kwa kuwa twafuata sauti. Waingereza wenyewe huiandika ounce, kwa o. Ng'ombe anafanana, alama ya sikio ni nyingine.

(Mwalimu wa darasa aandike ubaoni neno hili: UNCIA.)

Neno lenyewe ni hilo. Kwa Kilatini ni uncia. Wasomaji wake husema "unkia". Nalo limetokana na neno fupi zaidi, unus, maana yake moja. Uncia maana yake ni fungu moja katika mafungu kumi na mawili. Ukikata kitu vipande 12 vilivyo sawa, kipande kimoja ni uncia.

Kwa nini 12, wala si 10 kama vidole? Chukueni mbegu za mahindi 12, mziweke mezani. Zigawanyeni kwa watu wawili: kila mtu 6. Kwa watatu: kila mtu 4. Kwa wanne: kila mtu 3. Hakuna mbegu ya kukata. Sasa fanyeni hivyo kwa mbegu 10. Kwa watu wawili ni sawa. Kwa watatu yabaki moja ya kugombea. Kwa wanne zabaki mbili. Mfanya biashara wa zamani, asiye na kalamu, alipenda 12 kwa sababu inagawika bila ugomvi. Hata leo tunanunua kwa dazeni, na dazeni nayo imetoka katika Kilatini: duodecim, yaani kumi na mbili, ikapita Ufaransa kabla ya kufika Uingereza na kwetu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo njia inapogawanyika.

Warumi walikuwa na kipimo cha uzito kilichoitwa libra, kama gramu 327 hivi. Wakakigawa mafungu 12, na kila fungu wakaliita uncia. Walikuwa pia na kipimo cha urefu, urefu wa mguu, yaani futi. Nacho wakakigawa mafungu 12, na kila fungu wakaliita uncia vile vile. Wao hawakuona taabu. Uncia kwao halikuwa jina la uzito wala la urefu. Lilikuwa jina la fungu la kumi na mbili la kitu chochote. Hata urithi wa marehemu waligawa kwa uncia.

Sasa, mafundi seremala mlio darasani, nanyi mnaokata matimba ya kuzuia udongo katika maduara, niambieni: futi moja ina inchi ngapi? Kumi na mbili. Vema. Basi inchi ni nani? Inchi ni uncia yule yule wa urefu. Watu wa kale waliokuja kuitwa Waingereza walilipokea neno hilo mapema, wakalitamka kwa ulimi wao, ynce, na mwisho likawa inch. Fundi anaposema "ubao wa mbili kwa nne" anahesabu kwa mafungu ya Warumi, wala hajui.

Neno timba lenyewe msilipeleke Roma. Hilo ni la Kiingereza hasa, la asili yao. Si kila neno la Kiingereza ni la Kilatini.

Uncia wa uzito alipita njia nyingine. Alikaa Ufaransa, na Wafaransa wakamwita unce. Mwaka 1066 jeshi la Normandy, kutoka upande wa Ufaransa, lilivuka bahari likaishinda Uingereza. Watawala wapya wakaleta maneno yao, na kati ya hayo likaja hilo la uzito. Ndivyo Waingereza walivyopata ounce, nasi tukapata aunsi. Basi inchi na aunsi ni ndugu wa tumbo moja waliofika nyumba moja kwa milango miwili, nyakati mbili mbalimbali, wala hawatambuani tena.

Na yuko ndugu wa tatu, ambaye mimi nampenda kuliko hao wawili, kwa sababu alifika kwetu kabla yao. Je, yuko mzee katika darasa lenu aliyepata kusikia neno wakia? Waliosoma chuoni kwa maalim wamelisikia katika mafundisho ya zaka, ambapo hutajwa wakia tano za fedha. Pwani walipima kwa wakia na ratili: wakia 16 zilikuwa ratili moja. Na wakia ya pwani ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha, ile yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, kama gramu 28.

Wakia ni nani? Ni uncia tena! Kutoka Roma neno lilikwenda mashariki. Wayunani wakalichukua, wakasema ounkia. Kutoka kwao likafika kwa Waarabu, wakasema uqiya. Waarabu wakalileta pwani kwa majahazi, na Kiswahili kikasema wakia. Kisha misafara ikalichukua kutoka Bagamoyo kupanda bara, Tabora na Ujiji, pamoja na nguo, shanga na waya. Watu wa bara walipoanza kusikia aunsi kwa Waingereza, walidhani wamepewa neno geni. Kumbe mtu wa wakia alikuwa amekwisha kufika zamani, amevaa kanzu.

(Mwalimu wa darasa aandike chini ya UNCIA maneno matatu: INCHI, AUNSI, WAKIA.)

Watoto watatu wa mama mmoja, wote wamo katika Kiswahili. Mmoja hupima mbao, wa pili hupima dhahabu, wa tatu alipima ubani na fedha.

Haya, sasa turudi kwenye kosa langu. Jina lilisafiri salama. Je, uzito wake ulisafiri salama? Hata kidogo. Kila mji ulilipokea jina, ukaliwekea jiwe lake wenyewe katika mizani. Misri, wakia ilikuwa kama gramu 37. Katika nchi ya Sham ilifika gramu 200 na zaidi. Mtu aliyenunua wakia ya kahawa Sham akadhani atapata bei ile ile Misri, alikuwa na safari ya machozi.

Ulaya mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kila mji wenye gulio kubwa ulikuwa na mizani yake. Waingereza waliishia na aunsi mbili kuu. Moja ni ya bidhaa za kawaida, unga, nyama, sufu na pamba. Aunsi 16 za namna hii hufanya pauni moja. Mnaona? Neno lenye maana ya "fungu la kumi na mbili" sasa limewekwa kuwa fungu la kumi na sita, na hakuna aliyeshtuka. Aunsi hiyo ni gramu 28.35.

Ya pili iliwekwa kwa dhahabu na fedha peke yake. Huitwa aunsi ya troi, na wengi hulihusisha jina hilo na mji wa Troyes, Ufaransa, uliokuwa na magulio makubwa zamani, ambako wafanya biashara wa nchi nyingi walikutana. Pauni ya troi ilibaki na aunsi 12, kama Warumi walivyofanya. Aunsi hiyo ni gramu 31.1. Wenye dhahabu hawakupenda kubadili mizani yao, na mpaka leo hawajabadili. Bei ya dhahabu inayotangazwa duniani ni ya aunsi hii. Mgodi mkubwa wa Geita, ule uliofungwa mwaka 1966, na huu uliofunguliwa mwaka 2000, ukitaja dhahabu iliyopatikana hutaja aunsi hii. Mchimbaji mdogo, yeye huuza kwa gramu. Katikati ya hao wawili pana kugawanya, na hapo katikati ndipo mtu huumia.

Sasa tupige ile hesabu moja niliyowaahidi. Bei nitakayotaja ni ya darasani, nimeichagua ili igawike vizuri. Si bei ya leo. Asiende mtu nayo sokoni!

(Mwalimu wa darasa aandike ubaoni hatua kwa hatua.)

Tuseme aunsi moja ya dhahabu ni shilingi 6,220,000. Tukigawanya kwa 31.1, gramu moja ni shilingi 200,000. Hiyo ndiyo sahihi. Tukigawanya kwa 28.35, kama nilivyofundisha mimi, gramu moja yaonekana kuwa shilingi 219,400. Tofauti ni shilingi 19,400 kwa kila gramu. Kwa gramu 4, tofauti ni shilingi 77,600. Mama yule alikwenda sokoni akidai fedha ambazo hazikuwapo, kwa sababu mimi nilimgawia aunsi ya pamba.

Na yaweza kuwa kinyume. Mtu akikujia nyumbani akasema, "Mimi nanunua kwa aunsi," akupimie mwenyewe, na hutaji gramu, yeye aweza kutaja aunsi ndogo anapokulipa na aunsi kubwa anapouza. Gramu 3 kasoro robo hivi zabaki mkononi mwake kila aunsi moja. Aunsi ipi? Ndilo swali la kumwuliza. Kisha mtake apime kwa gramu, katika mizani yenye alama ya Wakala wa Vipimo, nawe ukiitazama.

Liko neno jingine la kuangaliwa hapo hapo mezani pa mnunuzi, nalo ni karati. Bei ya dunia ni ya dhahabu safi, na dhahabu ya mchimbaji haiwi safi kabisa. Ndani yake mara nyingi mna fedha na madini mengine. Dhahabu safi ni karati 24. Karati 18 ni mafungu 18 ya dhahabu katika 24, yaani robo tatu. Kwa hiyo hata baada ya kugawanya kwa 31.1, mnunuzi atapunguza kwa ajili ya usafi, kisha kuna mrabaha na ada za serikali. Bei ya mkononi haitalingana na ya redioni. Lakini mtu aliyejua mahali pa kuanzia ajua pia kuuliza kila kilichopunguzwa, kimoja kimoja.

Wenzetu wa Shinyanga wataniuliza, "Mbona Mwadui karati ni uzito?" Mmesema kweli. Kwa almasi karati ni uzito: karati moja ni gramu 0.2, yaani karati 5 ni gramu moja. Almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana katika mgodi wa Williamson mwaka 1947, ambayo alipewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza wakati wa harusi yake, ilikuwa karati 54.5 kabla ya kuchongwa. Haifiki hata gramu 11! Karati hii na ile ya dhahabu ni neno moja. Asili yake si Kilatini bali Kiyunani, keration, maana yake pembe ndogo, kwa sababu lilikuwa jina la mti fulani ambao maganda yake yamepinda kama pembe, na mbegu zake zilitumiwa kupimia vitu vidogo. Waarabu wakaliita qirat, na kwa mkono wao likafika Ulaya. Kwa mara nyingine jina moja limebeba mizigo miwili: kwa almasi uzito, kwa dhahabu usafi. Mtu wa Mwadui na mtu wa Geita wakizungumza habari za karati katika basi, wafaa waanze kwa kuelewana.

Nilipokwisha kuyajua haya nilirudi kwa darasa lile. Nilitaka kumrudishia mama yule nauli yake ya siku tatu. Alikataa. Akasema, "Nauli yangu imekwisha kwenda. Wewe simama ubaoni, maana hawa wote wameandika 28.35 katika madaftari yao, na wengine wamewapa watoto." Basi nikasimama. Nikawaambia wazi kwamba nimekosea. Wakafuta, wengine walioandika kwa wino wakachora mstari juu ya namba ile wakaandika 31.1 pembeni. Yule kijana wa Au aliuliza ni kitabu gani kilichonidanganya. Nikamwambia kitabu hakikudanganya. Kilizungumza habari za jikoni, nami nikakipeleka mgodini.

Na kama liko darasa jingine lolote ambako mimi, au mwalimu mwingine, tulipita tukaandika 28.35 kwa dhahabu, tafadhalini fungueni ukurasa ule sasa hivi mfute.

Kazi ya juma hili ni hii. Kwanza, fundi mmoja alete futi ya kupimia, na kila mwanafunzi aonyeshe kidole chake kina urefu wa inchi ngapi. Inchi moja ni sentimita 2.54, hesabuni kwa njia zote mbili. Pili, kila mtu amwulize mzee mmoja wa jirani majina ya vipimo alivyovitumia zamani, kibaba, pishi, wakia, ratili, frasila, debe, na aandike vitu gani vilipimwa kwa kila kimoja. Andikeni kama mzee alivyosema, hata kama kijiji cha pili wanasema vingine. Mkikuta pishi mbili zisizolingana, msizisahihishe. Tatu, kwa wanaoweza kugawanya: tuseme aunsi ya dhahabu ni shilingi 7,775,000, gramu moja ni bei gani? Jibu litatoka sawasawa, bila masalio, kama mmechukua aunsi iliyo yake.

Juma lijalo, wakati kama huu, tutalifuata neno shule. Hilo lililetwa na Wajerumani, nalo lilipita Roma likitoka kwa Wayunani, na maana yake ya kwanza huko kwa Wayunani ilikuwa nafasi ya kupumzika baada ya kazi. Ninyi mnaofika darasani jioni na jembe bado mkononi mtanieleza kama maana hiyo ingali ipo.

Kwaherini.